Miiba ya Mwatiko

Udongo wa kaburi la Olweny ulikuwa haujakauka Owor alipoleta neno la ardhi. Alisubiri kwanza wageni wa mbali waondoke na wazee wa ukoo washibe, kisha akavuta kiti chake karibu na moto. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, na alikuwa na tabia ya kusema mambo mazito huku akichokonoa meno, kana kwamba hayamhusu.

"Shemeji," alimwambia Loy, mjane, "hakuna anayekufukuza hapa. Nyumba ni yako. Shamba la mihogo kule juu ni lako. Tusumbuliwe na nini? Lakini kule chini kwenye kinamasi, hapo lazima tuelewane."

Kule chini ndiko kulikokuwa na ardhi yenyewe. Juu ni kichanga na mawe, na mihogo yake huja myembamba kama vidole vya mgonjwa. Chini maji hayakauki hata kiangazi, ndiyo maana Olweny alichimba bwawa huko, akatia samaki ambao kijiji kizima cha Kwapa kilikuwa hakijawahi kuwaona. Mwatiko, samaki wa baharini. Vifaranga vililetwa kutoka pwani ya Kenya ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa, vikazoezwa maji yasiyo na chumvi kidogo kidogo kwenye mapipa ya Muniru, mfanyabiashara wa samaki wa Busia. Watu walicheka wakasema vitakufa. Havikufa. Viliota mwili, vikang'aa kama sahani mpya.

"Niwaulize wazee," Owor aliendelea. "Ng'ombe akizaa ni mali. Kuku akitaga ni mali. Kitu kisichozaa unakila mara moja, basi. Mimi si mtu mbaya. Samaki wa ndugu yangu wakizaa kabla ya lumbe, bwawa na kinamasi chote ni cha Loy, na mimi mwenyewe nitashika jembe nimchimbie bwawa la pili. Wasipozaa, lile ni shimo la maji tu, na shimo limo kwenye ardhi ya baba yetu."

Lumbe ni ile sherehe ya kumaliza matanga, siku ukoo unapomweka mrithi na kugawa alichoacha marehemu. Ilikuwa imepangwa baada ya mavuno ya wimbi, yaani ulezi. Wazee walitazamana, wakaona neno lina haki. Loy naye aliliona lina haki, na hapo ndipo alipojifunga kamba shingoni. Watu wote waliokaa pale walikuwa wamekua na ngege, samaki anayezaa kwenye dimbwi la matofali, anayezaa kwenye pipa, ambaye ukimsahau kwenye sufuria ya maji utamkuta na watoto. Nani angefikiri kwamba yuko samaki anayekaa vizuri, anakula, ananenepa, halafu hazai?

Loy alipiga magoti mbele ya shemeji yake, akamshukuru mbele ya watu wote.

* * *

Tangu siku hiyo akawa mtumwa wa bwawa. Mwatiko hali nyama wala hali mwenzake. Anakula ule ukijani unaoota majini, kwa hiyo lazima maji yarutubishwe. Kila asubuhi Loy alizunguka kwenye mazizi ya majirani kuomba kinyesi cha ng'ombe, akakibeba kichwani kwenye karai bovu, maji yake yakimtiririka shingoni. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walijifunza kumpisha huku wameziba pua. Jioni aliwarushia pumba, akasimama ukingoni kuhesabu migongo.

Mama mkwe wake, Florence, alikuwa akimfuata na kigoda. Bibi huyu alikuwa na mtoto wa kiume tajiri kiasi, yaani Owor, lakini kwa miaka yote alikaa kwa Loy, kwa sababu kwa Loy alipata mtu wa kumsafisha na kumlisha. Meno yalikuwa yamekwisha. Olweny alipokuwa hai walikuwa wakivua mwatiko mmoja mmoja wa kitoweo, na siku ya kwanza kidogo bibi afe, maana samaki yule ana miiba isiyo na idadi, myembamba kama nywele, imejificha katikati ya nyama pale usipoitegemea. Toka hapo Loy ndiye aliyeitoa kwa kucha, mmoja mmoja, kabla ya kumpa mkwewe sahani.

"Mfungue mdomo tena nimwone," Florence alipenda kusema Loy akishika mmoja. Loy alimfungua, na bibi alicheka mpaka akakohoa. "Hana hata jino! Huyu ni mwenzangu kabisa."

Siku moja Muniru alikuja na pikapu yake, amebeba matenga na barafu. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, kofia yake daima safi, na kwa upole wake alikuwa amewauzia watu wengi vitu vingi.

"Nyabo, habari ya siku mingi? Pole na msiba. Sasa hii samaki yako imekuwa mkubwa. Mimi nachukua yote leo. Iko watu ya pwani pale Busia, nalilia hii samaki kama mama yao."

"Hapana, mzee," Loy alijibu. "Hii ndio mama. Nikiuza mama, nani atazaa?"

Muniru alimtazama. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwake, fupi, halingemgharimu chochote. Lakini yeye ndiye aliyemwambia Olweny kwamba samaki hawa huzaa kama ngege, maana bila hivyo Olweny asingenunua, na hakuna anayependa kufufua uongo wake mwenyewe juu ya kaburi la mtu. Tena alikuwa na sababu nyingine, ambayo tutaifikia.

"Sawa, nyabo. Ngoja tu."

"Lakini wanazaa lini?"

"Hiyo Mungu ndio anajua," Muniru alisema, akapanda gari lake na barafu yake.

Damalie, binti wa Loy, alikuwa amekaa mlangoni na sare ya shule aliyorudishwa nayo tangu wiki iliyopita kwa kukosa karo. Aliliangalia gari mpaka likapotea. Tenga moja tu lingemrudisha darasani.

"Mama, hata wawili watatu?"

"Unataka kula mbegu? Wakizaa utasoma mpaka uchoke."

Damalie alivua sare, akaikunja, akaenda kuomba kinyesi kwa majirani.

* * *

Mvua ya mwaka ule ilikuja kwa hasira. Kinamasi kilifura, mfereji wa bwawa ukazidiwa, na kwa siku nzima haikujulikana bwawa linaishia wapi na kinamasi kinaanzia wapi. Loy alisimama kwenye maji ya kiuno akizuia ukingo kwa majani ya migomba na mwili wake, analia, anamwita Olweny. Mwatiko wakubwa hawakutoroka. Maji yalipopungua na kutulia, asubuhi moja aliona pembeni, kwenye majani, wingu la viumbe vidogo kama punje za wimbi, vikitembea pamoja na kugeuka pamoja.

Alipiga vigelegele mpaka Florence akadhani nyumba inaungua. Kisha alikimbia, miguu ina tope, mpaka kwa Owor. Alimkuta anakunywa chai.

"Wamezaa! Shemeji, wamezaa! Njoo uone!"

Chai ilimmwagikia Owor mapajani. Alikwenda, akachungulia, akaona. Alisema tu "vizuri," na saa hiyo hiyo akapanda bodaboda kwenda Busia.

Muniru alikuwa kwenye stoo yake nyuma ya soko, anapanga papa na ng'onda kwenye magunia.

"Wewe!" Owor alifoka. "Kabla sijamzika ndugu yangu nilikuja hapa nikakuuliza. Ukaniapia hii samaki hapana zaa. Sasa imezaa!"

"Haiwezi."

"Nimeona na macho yangu!"

Muniru alikaa juu ya gunia, akamwekea mgeni kiti. "Sikia, bwana Owor. Hii samaki nakwenda zaa baharini tu, kule mbali, kwa maji ya chumvi. Mayai yake naelea, mawimbi naleta watoto kwa mikoko. Hata watu ya pwani wenye mabwawa, nakwenda okota vifaranga baharini na vyandarua. Hapana pata kwa bwawa. Na tena hiyo ya ndugu yako bado mtoto! Inataka kama miaka tano ndio inakuwa mtu mzima. Mtoto naweza zaa mtoto?"

"Basi hiyo ndogo ni nini?"

"Mvua ilinyesha? Kinamasi ilijaa?" Muniru alianza kucheka, tumbo likitikisika. "Hiyo ni ngege, bwana. Imeingia na maji. Kaa siku kidogo, utaona mistari."

Owor naye alicheka, kwanza kwa ahueni, baadaye kwa furaha yenyewe. Mapatano yao yalikuwa ya zamani: kinamasi kikirudi mikononi mwa Owor, Muniru angekikodi achimbe mabwawa mengine, alee mwatiko karibu na wateja badala ya kuwasafirisha kutoka pwani wakiwa nusu wameoza. Hiyo ndiyo sababu yake nyingine. Mjane hakuwa na nguvu ya kuchimba. Owor alikuwa na watoto wa kiume.

"Huko pwani kazi yake ni kuliwa tu?" Owor aliuliza alipokuwa anaaga.

"Kuliwa, kukaushwa. Na wavuvi wa jodari nafunga yeye kwa ndoana angali mzima. Jodari naona inang'aa, nafuata."

"Kumbe ni chambo," Owor alisema, na neno hilo lilimfurahisha njia nzima.

Aliporudi alipitia kwa Loy, akamshika mkono. "Shemeji, nimefurahi. Siku ya lumbe waite watu wengi. Waite na wa kwenu Dabani, waje waone."

Loy, maskini, aliwaita.

* * *

Zilibaki siku chache alipoona mistari. Alikuwa ameteka vifaranga vichache kwa kikombe ili amwonyeshe Damalie, na juani akaona weusi mwembamba ukishuka ubavuni, na mgongoni pezi lenye miiba iliyosimama. Mwatiko hana mistari. Mwatiko pezi lake ni laini na mkia wake umepasuka kama mkasi. Loy aliujua mkia ule kuliko alivyoujua uso wake. Alivirudisha majini taratibu, akakaa kwenye tope, akabaki hapo mpaka mgongo ukauma.

Angeweza kwenda kwa Owor siku ile ile akasema, nilikosea. Lakini wimbi la malwa, pombe ya lumbe, lilikuwa limeshachachuliwa, ndugu zake wa Dabani wameshaazima baiskeli, na Kwapa nzima imeshampa pongezi. Alimwendea mtu mmoja tu.

"Mama," alimwambia Florence wakati akimwosha miguu, "wale wadogo si wetu. Ni ngege."

Bibi aliuvuta mguu mmoja kutoka majini. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi funga mdomo. Samaki ni samaki. Mwanangu Owor hajui hata kambare na nyoka tofauti yao nini. Apite hiyo siku, ardhi iwe yako, utalala."

Loy alilia juu ya ile miguu. Tangu mumewe afe hakuna aliyemwambia neno la upande wake. Aliikausha kwa kanga yake mwenyewe, akaipaka mafuta.

Siku iliyofuata Owor alimtembelea mama yake. Alimletea gauni la gomesi jipya la rangi ya zambarau, lenye mshipi unaong'aa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikaa naye mpaka chai ikapoa. Hakumtisha. Alimuuliza tu, kwa sauti ya mtoto mzuri, "Mama, huyu mwanamke akipata ardhi akaolewa kwingine, wewe utakaa kwa nani?"

* * *

Watu walijaa. Wazee walizunguka mtungi wa malwa na mirija yao, wanawake wakawa kwenye masufuria, na mwenyekiti wa kijiji alipewa kiti chenye mto. Muniru alikuja na kanzu nyeupe, akakaa mbali na pombe. Kaka yake Loy na wenzake wa Dabani walisimama pamoja, wamevaa vizuri, wanajivunia dada yao.

Owor aliongoza watu bwawani. Wavu ulipita mara moja. Ngege wadogo waliwekwa kwenye beseni la bluu, na mwatiko mmoja mkubwa akawekwa kwenye beseni jekundu, anajipigapiga, amejaa mwanga.

"Wanawake, wazee," Owor alisema. "Loy anasema huyu ndiye mama na hawa ndio watoto. Nani hapa hajawahi kula ngege?"

Mtu mmoja alicheka. Halafu mwingine. Mzee mmoja alitia mkono kwenye beseni, akachukua kimoja, akakigeuza, akasema, "Hii ni ngege. Nimewalisha bata zangu hizi."

Kicheko kikawa cha wote. Loy alisogea mbele ya beseni.

"Waliingia na mvua," alisema. "Nilidhani… Naapa, sikujua."

"Hukujua?" Owor aliuliza kwa upole. "Ukaita watu kutoka Dabani bila kujua?"

"Sikujua!"

"Alijua," sauti ilisema.

Florence alikuwa kwenye kigoda chake, ndani ya gomesi ya zambarau. Hakumwangalia Loy. Aliangalia beseni.

"Aliniambia mwenyewe, akiniosha miguu. Alisema wale ni ngege, tunyamaze."

Kosa lingesamehewa, mjane aliyedanganyika angeonewa huruma, angeachiwa hata kona. Lakini sasa alikuwa mwongo, na mwongo juu ya mali ya marehemu. Loy alimtazama mkwewe, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa na mlango wa nyumba yake. Kaka yake alitema mate chini. "Umetuvalisha aibu tukiwa na mashati mapya," alisema, akaenda kuchukua baiskeli, na watu wa Dabani wote wakaondoka nyuma yake kabla chakula hakijaiva.

Owor alikuwa bado hajamaliza. Alimpa Loy kisu.

"Labda mayai yamo tumboni. Mpasue. Usije ukasema tulikuonea."

Alimpasua. Mikono ilijua kazi. Alitia vidole ndani, akatoa utumbo mrefu uliojaa ukijani, akatoa mafuta, akatafuta, akarudia kutafuta, watu wamemwinamia kama wanaangalia mchezo. Hapakuwa na yai hata moja.

"Hata ingekuwa mtu mzima, ingetaka bahari," Muniru alisema kutoka pembeni. "Hii bado mtoto, nyabo."

Loy alimgeukia, damu ya samaki imefika viwikoni. "Ulijua? Siku ile umekuja na barafu, ulijua?"

Muniru alirekebisha kofia yake. "Wewe hapana uliza vizuri. Uliuliza nazaa lini. Hapana uliza kama nazaa."

Hapo Loy alipiga magoti. Alimsihi Owor kwa jina la Olweny, akamsihi mwenyekiti. Alisema aachiwe hata ukingo wa bwawa apande magimbi. Mwenyekiti alitazama mrija wake. "Mapatano ni mapatano, mama. Wazee walikuwepo."

"Inuka," Owor alisema. "Siku ile ulipiga magoti hivi hivi ukanishukuru, mbele ya watu hawa hawa. Leo umebadili nini? Haya, kapike. Vua kumi hivi, wageni wana njaa. Hao wengine ni wa Muniru."

Na kweli akapika. Angefanya nini? Damalie alikuwa amesimama kando, na mtoto wa mtu aliyetiwa aibu anakula palepale mama yake anapokula. Loy alipara magamba, akapasua, akakaanga, akasonga ugali wa wimbi, akapakua. Muniru alipita jikoni akamwambia, kwa upole, kwamba atahitaji mtu wa kulisha samaki na kubeba kinyesi, na kwamba yeye tayari ana uzoefu.

Wageni walikula wakilalamikia miiba. Walitema chini, waliingiza vidole kooni, walisema samaki gani huyu wa mateso, na wakaendelea kula.

Florence hakula. Alikuwa amekaa na sahani mapajani, anasubiri. Loy alipopita na maji ya kunawa, bibi aliinua sahani ile kwa mikono miwili, kama alivyozoea.

"Nitolee miiba."

Loy alisimama. Kila kitu kilichokuwa ndani yake kilimwambia aitupe ile sahani motoni, au aiache kama ilivyo, bibi ameze anachostahili. Owor alikuwa anaangalia. Damalie alikuwa anaangalia. Nyumba ilikuwa imebaki yake kwa mdomo tu, na sasa aliujua vizuri mdomo wa nyumba ile.

Alikaa chini, kwenye vumbi, kando ya gomesi ya zambarau. Akaanza kutoa miiba kwa kucha, mmoja mmoja, akiiweka kwenye kiganja chake, mgongoni, ubavuni, karibu na mkia ambako huwa imejificha zaidi. Machozi yalimdondokea kwenye sahani na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Alipomaliza aliikagua nyama tena kwa ncha za vidole, asije akasahau hata mmoja, akamrudishia.

Florence alikula polepole, kwa fizi zake, mpaka sahani ikawa nyeupe. Alilamba vidole. Kisha akauliza kama kuna mwingine.